Habari za Seleina Huliwa Mpaka Mwisho

Seleina hakuuzii maziwa kabla hajakupa habari. Watu wote wa Ulaya, kijiji chetu hiki cha Kilosa, tunalijua hilo, na asiyelijua ni mgeni au mbishi. Anafika kwangu saa mbili kasoro asubuhi, ameshatembea saa moja na nusu kutoka bomani kwao mbugani, dumu la lita kumi liko mgongoni. Wewe umeshika bakuli, chai inachemka, una haraka zako. Yeye anatua dumu, anakaa kwenye kigoda cha wateja, anajifuta uso kwa ncha ya shuka, halafu ndiyo anaanza.

Anaanzia walikolala. Nani aliamka wa kwanza, ndama yupi alikataa kunyonya, njiani amekutana na nani, huyo naye katoka wapi na kasema nini. Na kila anachokisema anakitaja kilikotoka. "Hii nimekula kwa Miriamu, wifi yangu. Miriamu amekula kwa mchungaji mmoja wa ng'ombe wa Zombo. Jina lake hakumuuliza, hilo ni kosa lake." Kwao Wamasai habari inaliwa. Unakaa chini, unaitikia eeh, eeh, mpaka mwenye nayo aseme imeisha. Akishasema imeisha anakugeukia wewe.

"Haya, Mama Jackline. Lete zako."

"Zangu salama tu, Mama Resiato. Nimiminie."

Alikuwa ananitazama kidogo kama mtu aliyenyimwa chakula, kisha anamimina.

Niseme ukweli, kwa miaka mitatu alinichosha. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuja huku miaka tisa iliyopita kutoka Maswa, na mume wangu Nyanda, na ng'ombe kumi na wanne, na hasira zangu zote. Sina subira na mtu anayezunguka. Kwa hiyo yeye akisimulia, mimi nilikuwa nakanyaga cherehani, na kelele za mashine zilikuwa zinakula nusu ya maneno yake. Aliliona hilo. Siku moja aliniambia bila ukali, "Wewe unakula huku unakimbia. Utapaliwa." Nikacheka, nikaendelea kukanyaga.

Huyu mama hajui kusoma. Alizaliwa upande wa Handeni, akaolewa na Lemomo, akaletwa Kilosa akiwa msichana mdogo sana, na mpaka leo akihesabu miaka anahesabu kwa ukame na kwa magonjwa ya mifugo. Watoto watano. Wa mwisho ni Resiato, anayepika kwenye hoteli moja ya wali na nyama pale Mikumi, wanaposimama madereva wa malori ya Zambia. Yeye mwenyewe amezunguka mbuga hizi kwa miguu kuliko bwana afya yeyote, na ukimuuliza nani kaoa wapi kutoka hapa mpaka Magole, anakujibu bila kukohoa.

Aliwahi kunieleza bibi yake alivyofanya kazi hiyohiyo. Zamani, mvua ikinyesha Handeni, habari ilipita kisima hadi kisima, mtu kwa mtu, na watu wa huku waliipata kabla majani hayajaota. Hapakuwa na mnara, hapakuwa na vocha. Kulikuwa na mdomo, na sikio, na sheria moja: unaipokea nzima, unaipeleka nzima, na unasema umeikula kwa nani. Ikiwa mbovu, watu wanarudi nyuma mmoja mmoja mpaka wamfikie aliyeipika.

Vijana wetu wanadhani kutumiana habari kumeanza na simu. Hata mimi nilidhani hivyo, ingawa nimekulia kwenye kijiji ambako filimbi ya sungusungu ikilia mara moja, vijiji vitatu vinaamka, na kila mtu anajua kama ni mwizi wa ng'ombe au moto. Aliyepiga filimbi bila sababu alilipa mbuzi. Sijui kwa nini nililisahau hilo la mbuzi.

Mwaka jana Resiato alikuja likizo akamletea mama yake simu ya kupangusa. Alimfundisha kitu kimoja tu: weka kidole hapa, ongea, ukichoka toa kidole. Seleina alifurahi sana. Kuanzia hapo nilikuwa napata habari mara mbili, asubuhi kwenye kigoda na mchana kwenye simu. Na kwa sababu habari zake ni ndefu na kidole kinachoka, zilikuwa zinakuja vipande viwili, vitatu, hata vinne.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana naona na mimi nimeanza kuzunguka.

Jumapili moja, mwezi wa pili, nimetoka kanisani, simu ikalia. Ni sauti ya Seleina. Alikuwa Zombo kwa Kakuta, mdogo wake Lemomo. Alianza kama kawaida, alivyofika, alivyopokewa, uji aliokunywa. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Halafu nikasikia: "Kakuta amesimama, anaona ng'ombe anatetemeka. Ameanguka. Wa pili naye ameanguka, mapovu mdomoni. Wamekufa wote wawili kabla jua halijafika utosini. Subiri, kidole kimechoka."

Nikaacha mchele. Kwetu sisi wafugaji, ukisikia mapovu mdomoni, mwili unapoa. Kipande cha pili kilikuwa kinaingia, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Sikusubiri. Nikafungua grupu letu la akina mama wa Ulaya, watu sitini na kitu, nikaandika kwa kifupi, maana mimi ndiye mwenye kujua kufupisha: "Jamani, ng'ombe wanaanguka na kufa huko Zombo, mapovu mdomoni. Tuwe makini." Sikusema nimeipata kwa nani. Nikaituma. Palepale bando likaisha, kiduara kikasimama, na mimi nikarudi kwenye mchele wangu nikijiona nimesaidia watu.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla hata sijafungua kibanda, Monica alikuja mbio. Monica anakaanga maandazi kwenye baraza hiyohiyo ninayoshonea, tunatenganishwa na nguzo moja tu. "Mama Jackline, umesikia? Maziwa ya Wamasai yana sumu. Amos kanitumia kutoka Kilosa." Amos ni mdogo wake, anaendesha bodaboda. "Kuna watu watatu wamelazwa."

Nikashika kiuno. Nikasema nilijua tu. Sikuitambua. Ilikuwa ni ile yangu ya jana, imelala nje siku moja, imerudi imenenepa na imevaa nguo za watu, na mimi niliyeizaa nikaiogopa.

Saa mbili kasoro Seleina akafika. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitika, akakaa, akaanza. Nilimkatiza. Nilimwambia leo nina maziwa ya jana, asinimiminie. Alisema hayaharibiki? Nikasema nimeyachemsha. Nilikuwa nimeinamisha uso kwenye kitambaa. Alikaa kidogo, akanyanyuka, akaenda kwa Monica. Monica naye ana maziwa ya jana. Nyumba kumi na moja anazopitia, tisa zilikuwa na maziwa ya jana.

Jumanne ikawa hivyohivyo. Nilimwona akipita barabarani na dumu limejaa, anarudi nalo mbugani, na mwendo wake haukuwa ule ninaoujua. Maziwa yale ndiyo ada, ndiyo dawa, ndiyo sabuni. Lakini nilivyokuja kumjua, kilichomuuma zaidi hakikuwa maziwa. Watu walikuwa wamekataa habari zake. Hakuna aliyempa kigoda.

Jumanne hiyo mchana nikanunua bando. Simu ikapumua, vile vipande viwili vikafunguka.

Cha pili: "Basi Kakuta amemwita Yared, bwana mifugo. Yared amepasua tumbo. Amekuta mtama. Ule mtama mchanga, ulionyauka na jua, unajua unavyoua ng'ombe. Na mtama ni wa Kakuta mwenyewe. Kalima ekari moja mwaka huu, anajisifu kila mahali kwamba amekuwa mkulima, na ng'ombe wake ndio wamekuwa wa kwanza kuvuna." Hapo alicheka kidogo, kile kicheko cha kumsikitikia mtu.

Cha tatu: "Kwa hiyo si ugonjwa. Yared amewapima waliobaki, wazima. Wetu wa bomani hata hawajafika huku. Hii nimeikula kwa Yared kwa sikio langu, na tumbo nimeliona kwa macho yangu. Waambie watu wa Ulaya wasije wakaogopa, Mama Jackline. Nimekutumia wewe kwa sababu wewe una hilo grupu. Imeisha."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa msichana. Alinituma mimi. Kati ya watu wote alinichagua mimi nizime moto, nami nimeuwasha kwa mkono wangu, halafu nikamwambia nina maziwa ya jana.

Ungedhani niliondoka palepale kumfuata. Sikwenda. Nilifuta ule ujumbe wangu kwenye grupu, kana kwamba kufuta kunasaidia, nikakaa kimya. Nilijiambia yatapita. Nyanda aliniuliza mbona siongei nikamfokea kwa sababu ya chumvi kwenye mboga, na mboga haikuwa na kosa lolote.

Habari yenyewe haikukaa kimya. Jumatano ilimfika Resiato kule Mikumi, naye akampigia mama yake analia: mama, msiyanywe hayo maziwa, yanaua watu. Ndivyo Seleina alivyojua kwa nini nyumba tisa zilikuwa na maziwa ya jana. Nami najua alichofanya baada ya hapo kwa sababu baadaye alinilisha yote, hatua kwa hatua.

Hakugombana na mtu. Alifanya kama bibi yake. Alhamisi alipanda basi akaenda Mikumi, akaingia jikoni kwa mwanawe, akamuuliza, "Hii umekula kwa nani?" Resiato akasema kwa Amos, bodaboda wa Kilosa. Seleina akataka kujua bodaboda wa Kilosa anayo namba ya binti yake kwa kazi gani, kisha akasema, "Basi, hilo nalo nitalila siku nyingine." Ijumaa akaenda Kilosa, akamkuta Amos kijiweni na wenzake. Amos alimwamkia vizuri, na alipoulizwa aliona haya. Wale watatu waliolazwa aliwaongeza yeye, ili watu wachukulie jambo kwa uzito. Na sumu? Sumu alijiongeza, maana dada yake aliandika tu kwamba ng'ombe wa wafugaji wanakufa. "Dada yako ni nani?" Ni Monica, mama wa maandazi, Ulaya.

Jumamosi ni gulio letu. Watu walikuwa wengi, baiskeli zimelazwa mpaka kwenye mtaro, Monica mikono imejaa unga. Nikamwona Seleina anakuja. Hakuwa na dumu. Alipita mbele ya cherehani yangu, akanisalimu kwa kichwa, akaenda kusimama mbele ya karai la mafuta.

"Mama, Amos amekula kwako habari ya ng'ombe. Wewe umekula kwa nani?"

Monica akanitazama. Mara moja tu, kisha akageuza maandazi. "Sikumbuki, mama. Simu yangu ilijifuta."

Monica si mtu wa kusema uongo. Alikuwa ananificha. Na Seleina akaitikia eeh, akabaki amesimama, maana mstari ulikuwa umekatika pale. Kwa sheria yao, mstari ukikatika, yule wa mwisho aliyeshindwa kutaja ndiye aliyeipika. Watu waliokuwa wananunua maandazi walianza kumwangalia Monica kwa jicho lingine.

Nilikuwa nashona suruali ya shule. Nikatoa mguu kwenye pedali. Mashine ikanyamaza, na nadhani kunyamaza kwake ndiko kulikowafanya wageuke.

"Alikula kwangu," nikasema.

Seleina akaja taratibu. "Na wewe, Mama Jackline, ulikula kwa nani?"

"Kwako."

"Kwangu?"

"Kwako wewe mwenyewe, mama. Jumapili. Niliinuka hujamaliza. Nikaenda kugawa nilichokuwa nacho mdomoni. Vipande vyako viwili nilivisikia Jumanne, na Jumanne hiyohiyo nilikuacha upite na dumu lako. Nisamehe."

Nilisubiri anitukane. Mimi ningetukana. Yeye alitazama kigoda, na mimi nikakivuta haraka nikakipangusa kwa kiganja. Akakaa.

"Basi nawe kaa," akasema. "Hukushiba."

Na mbele ya gulio zima akaanza upya. Alivyofika Zombo, alivyopokewa, uji aliokunywa. Nilikaa chini kwenye mkeka wa vitambaa, miguu nimeinyoosha, nikawa naitikia eeh, eeh. Kwa Kakuta na ekari yake watu walicheka, hata mzee mmoja wa Kikaguru aliyekuja kuuza ufuta alisogea karibu asipitwe. Monica aliitikia kutoka kwenye karai. Alipofika kwa Yared na tumbo la ng'ombe, watu walikuwa wamesimama kama ishirini, na alipomaliza kwa kusema imeisha, mtu mmoja nyuma aliuliza kama leo hakuja na maziwa.

"Leo nilikuja na mdomo tu," akajibu. "Jumatatu."

Kisha akaniambia kazi bado. Ilipopita habari mbovu, nzima nayo ipite hapohapo. Akaniwekea kidole changu mwenyewe kwenye simu, nami nikasema kwa sauti: "Mimi ni Bernadetha, mke wa Nyanda, fundi wa Ulaya. Hii nimekula kwa Seleina wa Lemomo. Seleina amekula kwa Yared, bwana mifugo, na tumbo la ng'ombe ameliona kwa macho yake." Nikasimulia yote mpaka mtama, nikasema na kosa langu, nikasema imeisha. Dakika tano na nusu. Nikaituma kwenye grupu, Monica akamtumia Amos, Amos akawatumia wenzake wa kijiweni na akamtumia Resiato, haraka kuliko ilivyohitajika. Jumapili jioni Resiato alimpigia mama yake akamwambia, "Mama, kumbe ni mtama." Seleina akajifanya ndiyo kwanza anasikia.

Jumatatu alipofika nilikuwa nimeshatoa mguu kwenye pedali. Alisimulia, nikala. Akasema imeisha. Kisha akanigeukia kama siku zote, bila kutegemea kitu.

"Haya, lete zako."

Nilifungua mdomo niseme salama tu. Sikuweza. Nikamwambia mama yangu kule Maswa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kaka yangu anataka wampeleke akapasuliwe, na mama amekataa mpaka nifike kwanza nimshike mkono, anaogopa wakikosea asije akakosa kuniona tena. Nikamwambia sijaenda miaka tisa. Kwamba nilipoondoka tuligombana kwa sababu ya Nyanda na ng'ombe na safari hii ya huku, na kila nikipanga kwenda natafuta nguo ya mtu ya kumalizia. Nilisimulia tangu mwanzo, tangu mlangoni kwetu. Yeye aliitikia eeh, eeh, mikono imetulia mapajani. Wateja wawili walikuja wakaona, wakaondoka. Maziwa yalishika utando bakulini.

"Imeisha," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Siku hizi kwenye grupu letu hupiti bila kuulizwa. Juzi mtu katuma eti shule zinafungwa, Monica akamwandikia palepale, "Umekula kwa nani?" Mwenzetu akafuta. Nyumba kumi na moja zote zinachukua maziwa, na zimeongezeka mbili, na Seleina analalamika kwamba sasa anachelewa kurudi kwa sababu kila mtu ana habari za kumlisha.

Jumamosi baada ya kumlisha Seleina habari za mama, siku ya gulio, alikuja mwanamume mmoja wa Kimasai nisiyemfahamu, mrefu, ana suruali yenye tundu gotini. Akanipa suruali, akasalimia, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mimi ni Kakuta," akasema. "Yule wa mtama."

Nilibana kicheko, sikufanikiwa. Akacheka na yeye. Kisha akauliza, "Mama yako wa Maswa anaendeleaje? Macho yote mawili, si ndiyo? Na kwamba hataki kupasuliwa mpaka umshike mkono, na kwamba ni miaka tisa."

Nikamtazama. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote zaidi ya mmoja. Ilikuwa yote, hakuna kilichopungua, hakuna kilichoongezwa.

"Nimekula kwa Seleina," akasema, "na Seleina amekula kwako. Kule Zombo tunaulizana kama umeshakwenda."

Nikaichukua ile suruali, nikaitafutia kiraka. Nikamwambia aichukue leo leo, maana Jumanne ningekuwa kwenye basi la Maswa.